Kustahimili na Kusikiliza: Ardhi ya Usukuma, 1947–2004

Kila mtumishi aanzishaye badiliko katika usharika au kijiji hukutana na upinzani, na mara nyingi hujifariji kwa habari za Nehemia, ambaye hakuacha kuujenga ukuta kwa sababu ya dhihaka za Sanbalati na Tobia. Faraja hiyo ni ya kweli. Lakini sura ya tano ya kitabu hicho haisomwi mara nyingi kama ya nne. Humo kilio hakitoki kwa adui, bali kwa watu wa Yuda wenyewe, waliokuwa wameweka rehani mashamba yao na kuwatoa watoto wao utumwani. Nehemia hakujikaza dhidi yao. Aliwasikiliza, akawataka wakuu warudishe walichotwaa. Katika makala haya tunapenda kuitazama historia ya Shinyanga na Geita kwa nuru ya sura hizo mbili, maana huko jitihada mbili za kuiponya ardhi zilifanywa kati ya watu wale wale, na matokeo yake yakatofautiana sana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona kwamba ardhi ya Usukuma imechoka. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ilikuwa imefyekwa ili kuwafukuza mbung'o, kilimo cha pamba kilikuwa kimeenea, na mifugo ilikuwa mingi. Mwaka 1947 ukaanzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Watu walihimizwa kuhamia Geita, ambako nafasi ilikuwa bado ipo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta ya kuzuia maji na kupunguza ng'ombe wao. Amri zilipitia kwa watemi, na asiyetii alitozwa faini.

Haki inatudai tukiri kwamba hatari waliyoiona maofisa hao ilikuwa ya kweli. Kosa lao lilikuwa kuuhesabu upinzani kuwa ujinga au uchochezi tu. TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Manung'uniko yakazidi, hata serikali ilipotaka kuiweka Geita chini ya baraza la mchanganyiko wa rangi, mwaka 1958 mamia ya watu walikwenda Mwanza kulalamika, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Baraza hilo halikudumu, na amri za kilimo zilizochukiwa zikalegezwa.

Je, Wasukuma walichukia badiliko? La, hasha. Katika miaka hiyo hiyo wakulima hao walijenga vyama vya ushirika wa pamba, ambavyo mwaka 1955 viliunganishwa katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Walichokataa ni badiliko ambalo wao hawakuwa na sauti ndani yake.

Uhuru peke yake haukuiponya ardhi. Kwa desturi, Wasukuma walitenga ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate majani kiangazi. Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, nazo zikaharibika. Mwalimu Nyerere alipoutembelea mkoa wa Shinyanga mwaka 1984, alisikitishwa na ukame aliouona.

Ndipo mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walitegemea vitalu na kugawa miche. Wananchi walisitasita, na kusitasita huko kulikuwa na kumbukumbu ndani yake: watu waliokwisha kutozwa faini na kuhamishwa walikuwa na sababu ya kuhofu kwamba ardhi yao itatwaliwa tena. Viongozi wa mradi hawakukata tamaa, wala hawakurudia amri za Malya. Waliigeukia elimu ya wenyeji. Ngitili zilifufuliwa, visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini ikachipua pale ilipoachwa ipumzike. Sheria zake zilijadiliwa katika dagashida, mkutano wa jadi, na sungusungu wakasaidia kuzilinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600; kabla mradi haujamalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hatusemi kwamba yote yalinyooka. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa alinufaika kuliko maskini. Tena sehemu ya mkoa ule wa zamani, kama Bukombe, tangu 2012 imo katika mkoa wa Geita, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu huhitaji magogo ya kushikiza mashimo yao. Kilio cha sura ya tano hakijaisha.

Wala hatusemi kwamba kila upinzani usikilizwe kwa kukubaliwa. Katika ukanda huu huu vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mchungaji anayesimama kuwatetea hana la kujadiliana na wauaji wao. Hapo yumo katika sura ya nne, na asiuache ukuta.

Basi, ndugu mtumishi, uvumilivu si ukaidi. Maofisa wa Malya walistahimili miaka kumi, wakashindwa. Wale wa HASHI nao walistahimili, lakini walikubali kufundishwa na watu waliokuja kuwafundisha. Upinzani ukitokea usharikani, kabla hatujawaita wapinzani wetu Sanbalati, tuwaulize kwanza ni nini walichopoteza. Yawezekana wanaijua ngitili ambayo sisi hatujaiona.