Bunsen: Kutoka Moshi wa Tanuru Hadi Mwanga wa Jua

Mwanafunzi wa sekondari anapoingia maabara kwa mara ya kwanza, awe Tabora au Machakos, jina la Bunsen hulisikia mapema kuliko la mwanakemia mwingine yeyote. Ndilo jina la kile kichomeo cha gesi kilichosimama mezani, bomba la chuma lenye tundu la hewa chini. Wengine humaliza shule wakidhani ni jina la kiwanda.

Robert Bunsen mwenyewe pengine angecheka. Kichomeo hicho kiliundwa mwaka 1855 na Peter Desaga, fundi wa Chuo Kikuu cha Heidelberg, kwa kufuata wazo la Bunsen, na Bunsen hakukiombea hataza. Kwake kilikuwa chombo cha kazi tu. Kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani, penye moto mchafu zaidi.

Alizaliwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1811. Mwaka 1834 alionyesha kwamba oksidi ya chuma iliyochanganyika na maji huikamata aseniki tumboni mwa mtu aliyekula sumu hiyo. Kisha akajitosa katika misombo ya aseniki inayonuka kupita kiasi na kulipuka bila taarifa. Mlipuko mmoja ulimpofusha jicho la kulia.

Kufikia mwaka 1838 alikuwa amegeukia matanuru ya kuyeyushia chuma. Mafundi wa matanuru walikodolea macho kinachotoka chini, yaani chuma. Bunsen alitazama kinachotoka juu. Alichota gesi kwa bomba kutoka vina mbalimbali vya tanuru, akaichambua sampuli moja baada ya nyingine, akakuta kwamba katika matanuru ya mkaa ya Ujerumani zaidi ya nusu ya joto la mkaa ilikuwa inapaa na gesi hizo. Ndani yake mlikuwa na monoksidi ya kaboni, nayo inawaka vizuri kabisa. Akavuka kwenda Alfreton, Uingereza, akashirikiana na Lyon Playfair kwenye matanuru ya makaa ya mawe. Huko hali ilikuwa mbaya zaidi: ripoti yao ya mwaka 1845 ilisema hasara inapita asilimia 80. Mama lishe aliyeacha jiko la bati tupu akanunua lenye udongo ndani angewaelewa mara moja.

Betri yake ya mwaka 1841, iliyotumia kaboni badala ya platinamu ghali, ilimwezesha baadaye kuzitoa metali kama magnesiamu kwa umeme. Lakini mimi naona hesabu ya zile gesi ndiyo iliyomfunza tabia yake kuu: kuuliza moto umebeba nini.

Alihamia Heidelberg mwaka 1852. Kichomeo cha Desaga kilimpa mwali usio na rangi, kwa kuwa gesi ilichanganyika na hewa kabla ya kuwaka. Ukitia chumvi kidogo katika mwali kama huo, rangi unayoiona ni ya chumvi yenyewe: sodiamu njano, potasiamu zambarau. Taabu ni kwamba njano ya sodiamu huzifunika nyingine zote. Bunsen alikuwa akizichuja rangi kwa vioo vya rangi, mpaka rafiki yake Gustav Kirchhoff, mwanafizikia, alipomshauri aupitishe mwanga kwenye prizimu. Spektroskopu yao ya kwanza waliiunga kwa boksi la sigara na vipande vya darubini kuukuu.

Kila elementi ikajitokeza kwa mistari yake, isiyofanana na ya nyingine. Kifaa hicho cha kuungaunga kiliweza kutambua sodiamu iliyo chini ya sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu. Husimuliwa kwamba usiku mmoja moto ulizuka mjini Mannheim, nao wakauelekezea spektroskopu kutoka dirishani Heidelberg, wakaona mistari ya bariamu na strontiamu.

Mwaka 1860, katika maji ya chemchemi ya Dürkheim, waliona mistari miwili ya buluu wasiyoijua. Ili kuipata elementi hiyo mkononi, Bunsen alichakata lita 44,000 za maji. Alipata gramu 7 na kidogo za kloridi ya sesiamu. Mwaka uliofuata ikaja rubidiamu, yenye mistari myekundu. Tangu mwaka 1967 sekunde moja hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi ya atomu ya sesiamu, na saa za atomu ndizo zinazoongoza setelaiti zinazoionyesha simu yako iko wapi.

Kirchhoff ndiye aliyeugeuzia jua ufunguo huo wa mistari, akaonyesha kwamba mistari myeusi katika mwanga wake ni alama ya elementi tulizo nazo duniani. Mwaka 1868 wanaastronomia waliona kwenye jua mstari wa njano uliokaribiana na ule wa sodiamu lakini haukuwa wake. Elementi hiyo mpya ikaitwa heliamu. William Ramsay aliipata gesi hiyo duniani mwaka 1895, ndani ya jiwe la madini. Bunsen, ambaye alikuwa amestaafu tangu mwaka 1889, alikuwa bado hai Heidelberg, na miaka minne mbele yake.