Mashambulizi ya mtandao: aina zake na hatua zake

Mwezi Julai mwaka 2023, tovuti ya eCitizen, ambayo kwayo serikali ya Kenya hutoa maelfu ya huduma zake, ilikwama. Wasafiri waliokuwa ng'ambo hawakuweza kuomba viza, na serikali ikalazimika kutangaza kwamba wangepewa watakapowasili. Wengi walisema tovuti imedukuliwa. Hata hivyo, mtambo ulikuwa umemiminiwa maombi mengi ya bandia kuliko uwezo wake, hata wenye haja ya kweli wakakosa nafasi. Mlango haukuvunjwa, ulizibwa na umati. Serikali ilisema hakuna taarifa za wananchi zilizopotea.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwani aliyezibiwa mlango husubiri, ilhali aliyeibiwa nywila inampasa kuibadilisha siku hiyo hiyo.

Wataalamu aghalabu huainisha mashambulizi kwa kuuliza ni kitu gani kilichodhuriwa. Kuna yanayozuia huduma, kama lile la Kenya, au yale yaliyozikwamisha benki na tovuti za serikali ya Estonia mwaka 2007. Kuna yanayovunja siri, mathalani programu ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel, ambayo imekutwa katika simu za waandishi wa habari na wapinzani wa serikali katika nchi kadhaa. Aina hii haina kelele, na mwathirika huweza kuishi nayo kwa muda mrefu bila kujua.

Tatu, kuna yanayoharibu usahihi wa mambo. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliivuruga mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku wahandisi wakionyeshwa kwenye skrini zao kwamba kila kitu ni shwari. Mafungu haya huingiliana. Wanaofunga mafaili na kudai fidia, kama ilivyotokea kwa hospitali za Uingereza mwezi Mei 2017, siku hizi huiba nakala kwanza, kisha ndipo hufunga.

Kuhusu namna shambulio linavyokwenda, maelezo yanayotumika sana ni ya watafiti wa kampuni ya Lockheed Martin ya Marekani, waliotaja hatua saba mwaka 2011: kupeleleza, kuandaa silaha, kuifikisha kwa mlengwa, kupenya, kujikita ndani, kuongoza kutoka mbali, na mwisho kutimiza lengo.

Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh unazidhihirisha vyema. Mwezi Januari 2015, wafanyakazi wa benki hiyo walipokea barua pepe ya mtu aliyejifanya anatafuta kazi, akiwaomba wausome wasifu wake. Kuna waliofungua. Mwezi Mei, akaunti zilifunguliwa kwa hati za bandia katika benki moja mjini Manila, Ufilipino, kisha zikaachwa zimelala. Kwa takriban mwaka mzima wezi walitembea ndani ya kompyuta za benki wakijifunza desturi za kazi, hadi wakaufikia mfumo wa Swift unaotumika kutuma fedha kati ya mabenki.

Walipiga usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016. Dhaka, kama ilivyo Oman, hupumzika Ijumaa na Jumamosi, New York hufunga Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina mjini Manila. Hata printa iliyopaswa kuchapisha kumbukumbu za malipo ilikuwa imenyamazishwa. Waliokuwapo kazini wakadhani ni hitilafu ya kawaida.

Maagizo 35, ya karibu dola milioni 951, yalipelekwa kwenye akaunti ya Bangladesh iliyoko Federal Reserve, New York. Mengi yalizuiliwa kwa bahati tu: tawi la benki ya Manila lilikuwa mtaa wa Jupiter, jina lililofanana na moja lililokuwamo katika orodha ya vikwazo dhidi ya Iran. Dola milioni 20 zilizoelekezwa Sri Lanka zilikwama kwa kosa la tahajia. Milioni 81 ziliingia Manila na nyingi zikapotelea katika kasino. Takriban milioni 15 zilirejeshwa mwaka huo. Marekani inawalaumu wadukuzi wa Korea Kaskazini.

Zingatia kwamba kati ya barua ile na usiku ule ulipita mwaka mmoja na ushei. Yeyote ambaye angeishuku barua, au programu ngeni iliyowasiliana na nje usiku, angeikata kamba kabla fedha hazijaondoka.

Mpangilio huu haufai kila mahali, maana aliyeziba mlango wa eCitizen hakuhitaji kujikita ndani. Na ujumbe maarufu nchini Tanzania, "ile pesa tuma kwenye namba hii", hauna kirusi hata kimoja. Humfikia mtu aliyekuwa kweli akitaka kutuma fedha, naye huzituma kwa mkono wake mwenyewe.