Makao Mapya Milimani: Habari za Amani na Nchi ya Muheza

Mwanadamu huhama kwa sababu mbili: ama hufukuzwa na shida, ama huitwa na tamaa. Afukuzwaye na shida hana nafasi kubwa ya kuchagua. Hutua palipo na maji na usalama, akashukuru. Aitwaye na tamaa huchagua. Na kama tamaa yake ni mlima, msitu, hewa ya baridi na njia ya kutembea kwa miguu asubuhi, aghalabu huchagua kwa macho. Katika nchi ya Muheza wamefika watu wa namna zote mbili, na habari zao zimehifadhiwa kiasi cha kutosha hata zaweza kulinganishwa. Ulinganisho huo waonyesha kuwa macho ni shahidi mwaminifu wa uzuri wa mahali, lakini si shahidi wa kutosha wa ubora wa makao. Ushahidi uliobaki uko kwa mwenyeji, na asiyemwuliza huulipia, au humlipisha mwingine.

Nchi yenyewe ni ya sura mbili. Mtu atokaye Tanga kuelekea magharibi hupita katika ardhi ya chini, yenye minazi, michungwa, mihogo na mkonge, mpaka afike mji wa Muheza. Hapo ndipo Bonde, na wenyeji wake ni Wabondei. Upande wa pili wa mji milima ya Usambara ya Mashariki huinuka ghafula, na njia hupanda kwa mizunguko mingi hadi Amani, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya huko hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi ukungu hulala juu ya miti, na maji yashukayo hukusanyika katika Mto Zigi, unaowanywesha watu wa Tanga. Aliyetoka katika joto la pwani akapanda huko mchana mmoja hana budi kujiona ameingia dunia nyingine.

Habari ya kwanza ya mtu aliyetafuta makao katika milima ya Usambara ni ya mwindaji. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliikusanya katika kitabu chake *Habari za Wakilindi*, ambacho sehemu zake zilichapwa kwanza na misheni ya Magila, yaani Msalabani, karibu na Muheza. Kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Humo yasimuliwa habari ya Mbega wa Nguu. Alizaliwa kigego, kwa kuwa meno ya juu yalimtoka kwanza, naye akawa hatakiwi na jamaa zake. Alitoka na mbwa wake na silaha zake, akaishi kwa kuwinda nguruwe. Alipata urafiki Kilindi, lakini mtoto wa mkubwa wa huko alipouawa mawindoni, Mbega alilazimika kukimbia tena, na ndipo alipoingia Usambara.

Wanahistoria huitazama hadithi hii kama riwaya ya asili ya ufalme wa Wakilindi, uliosimama Vugha katika karne ya 18, wala hawaichukui kila neno kuwa tukio. Hata hivyo yaeleza kwa usahihi jinsi watu wa milima walivyofikiri juu ya mgeni na mahali. Mbega alikuwa mtu wa porini kabisa. Aliujua msitu kuliko wenyeji wa vijiji. Lakini hakujijengea enzi msituni. Moshi wa moto wake ulionekana, watu wakamjia. Akawapa nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Aliwaondolea nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao yao, akaamua ugomvi wao, na mwisho wakamwomba akae. Katika riwaya hii makao hayashikwi; hutolewa na wenyeji kwa mtu aliyekwisha kuonyesha faida yake.

Wenyeji hao nao walikuwa na elimu yao ya kuchagua mahali. Washambaa waligawa nchi katika sehemu mbili: *shambaai*, yaani milimani kwenye mvua na migomba, na *nyika*, yaani tambarare kavu ya chini. Katika Usambara ya Magharibi vijiji vingi vya zamani havikujengwa katikati ya milima wala chini tambarare, bali karibu na ukingo, mahali ambapo mtu aweza kulima migomba juu na kushuka kulima mahindi chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili huokoa. Tena walishuka mchana na kupanda jioni, maana walijua kuwa nyika ina homa.

Ujuzi huo ulimshangaza mtaalamu mkubwa. Mwaka 1898 Robert Koch, tabibu wa Kijerumani aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Kwai katika Usambara ya Magharibi kuchunguza malaria. Aliona kuwa watu waishio juu hawakuwa na ugonjwa huo, ila wale waliotoka kushuka chini. Akaandika kwamba watu wa milimani waliita homa hiyo *mbu*, kwa jina la mdudu awaumaye wanaposhuka tambarare. Wakati huo huo Ronald Ross alikuwa India, akikamilisha uchunguzi uliothibitisha kazi ya mbu katika kueneza malaria. Yale ambayo maabara zilikuwa zikiyatafuta, mkulima wa Usambara alikuwa amekwisha kuyaweka katika jina la ugonjwa na katika mpango wa siku yake.

Basi Wajerumani walipoitawala nchi, waliwaona wenyeji wakilala juu, nao wakataka kulala juu. Lakini hawakuuliza sababu zote. Waliyotamani ni hewa baridi kama ya kwao, na msitu ambao ukubwa wa miti yake ulionekana kuwa hati ya rutuba. Mwaka 1891 kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilianzisha shamba la kahawa Derema, na mashamba mengine yakafuata katika milima hiyo. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza kabla karne haijaisha. Amri ya Novemba 1895 ikatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Na katika nchi ambayo mtu hulima hapa, hupumzisha pale na huuacha msitu kwa mizimu, dawa na mawindo, ilikuwa rahisi kwa mgeni kuiona ardhi nyingi kuwa haina mwenyewe.

Kahawa ya Usambara ya Mashariki ilistawi miaka michache, kisha ikadhoofu. Udongo wa huko ni wa kale, wenye asidi, na umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Chakula cha miti hakimo sana ardhini. Kimo katika miti yenyewe na katika majani yaozayo juu ya ardhi. Majani huanguka, huoza, na mizizi huyanyonya upesi kabla mvua haijayachukua. Ukiikata miti umekata ghala, na mvua chache humaliza akiba iliyobaki. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Na msitu wa Usambara uliwafanya wakubwa wa mashamba wayaelewe maneno hayo kwa hasara.

Hata hivyo uzuri uliendelea kuita. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliweka Amani taasisi ya uchunguzi wa viumbe na kilimo, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Franz Stuhlmann. Mfano uliofuatwa ulikuwa bustani mashuhuri ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java. Mahali palionekana hapana mfano: hewa ilifaa afya ya Wazungu, na tofauti ya urefu kutoka bonde la Zigi hadi vileleni iliwezesha kupanda miti ya nchi nyingi. Reli nyembamba ilitoka Tengeni hadi Zigi kwa ajili ya mbao na mizigo. Nyumba zilijengwa juu ya vilima, kila moja na mandhari yake, na baina yake zilipita njia za kutembelea chini ya miti. Ilikuwa makao ya watu waliopenda elimu na kupenda nje, na hapana shaka walipapenda kwa moyo wa kweli.

Kazi yao haikuwa bure. Wakati wa vita vya 1914, nchi ilipozingirwa na manowari za Waingereza, Amani ilitoa kwinini kutoka katika mikwinini yake, pamoja na vitu vingine vilivyokuwa haviagiziki tena. Waingereza nao, walipochukua nchi, waliifufua taasisi. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake walishughulikia ugonjwa wa batobato uliokuwa ukiharibu mihogo. Walichanganya mhogo na jamaa zake wa mwituni, mmoja wao ukiwa mti wa mpira wa Ceará, ambao Wajerumani waliupanda kwa wingi katika mkoa wa Tanga wakautelekeza bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilikwenda mbali, hata Nigeria, na damu yake imo katika mihogo mingi ya Afrika ya leo.

Lakini kosa la kuchagua lilibaki palepale. Wakulima wengi wa Afrika ya Mashariki hawakai katika msitu wa mvua ya milimita 2,000. Wanakaa katika nchi ya mvua haba na jua kali, na jaribio lililofaulu Amani halikuwa lazima lifaulu kwao. Tena Amani ilikuwa mbali na njia kuu. Mwaka 1948 uchunguzi wa kilimo ulianza kuhamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mahali palipochaguliwa kwa hewa na mandhari palidumu na kazi hiyo chini ya nusu karne. Mchagua jembe si mkulima. Na huenda hata mchagua mlima asiwe.

Nyumba zilizoachwa zikapewa wachunguzi wa malaria. Walikaa juu, mahali pasipo na homa nyingi, wakashuka Muheza kila siku kuifuata homa ilipo, kisha wakapanda kulala. Bila kujua pengine, walikuwa wamerudia desturi ya Washambaa. Baadaye vijiji vya Bonde vikawa miongoni mwa mahali ambapo vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa. Hata usalama wa juu haukudumu vile vile. Mwaka 1987 wachunguzi walitoa taarifa kuwa hali ya malaria hapo Amani imebadilika na kuongezeka, katika miaka ambayo msitu ulikatwa na watu wakazidi. Ubora wa mahali, hata ule uliojulikana kwa wazee, hutegemea namna watu wanavyopatumia.

Mwaka 1997 Amani ilifanywa hifadhi ya mazingira asilia, yenye ukubwa wa hekta zipatazo 8,380. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya zamani huko Zigi hupokea wageni, nao huja kutazama ndege, vipepeo, vinyonga, na kile kiua cha urujuani cha miambani ambacho Walter von Saint Paul-Illaire alikipeleka Ulaya mwaka 1892, na ambacho leo hupandwa katika vyungu vya madirishani duniani kote. Hilo ni jambo jema. Msitu uliosimama huwapa Tanga maji, na hushika udongo ambao hauwezi kujishika wenyewe.

Ila kila jema lina mlipaji. Ili misitu iliyokatika iunganishwe, viumbe vipate njia, ilitakiwa Derema. Derema ile ile ya kahawa ya mwaka 1891. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii wakulima zaidi ya elfu moja walizuiwa kulima humo. Mazao yao yalikuwa hasa iliki, iliyopandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Walilipwa fidia, na malipo yakachukua miaka. Na baadhi yao walipewa ardhi chini bondeni, katika shamba la zamani la mkonge. Waliokuwa juu wakashushwa kwenye *mbu*, ili wapendao milima, na kizazi kijacho cha Tanga chenye kiu, wapate msitu. Yamkini uamuzi ulikuwa wa lazima. Sayansi ya vijito na ya viumbe yaweza kuutetea. Lakini mkulima wa iliki naye alikuwa amechagua mahali pake kwa elimu: kivuli, ukungu, udongo wa majani, na usingizi usio na homa. Elimu hiyo haikuwemo katika hesabu ya fidia, kwa kuwa kilichohesabiwa ni mashina.

Hivyo historia ya Muheza haimkatazi mtu kuupenda mlima wala kutaka kukaa karibu nao. Yamwonyesha tu utaratibu. Mwindaji alipofika aliwasha moto mahali pa kuonekana, akangoja aulizwe yeye ni nani na ana nini cha kutoa. Waliokuja baada yake walifika na ramani na amri, wakaona msitu usio na watu. Kumbe watu walikuwapo, wamelala ukingoni mwa mlima, na sababu za kulala hapo wakizijua wao.