Nasaba ya Kilwa na wajibu wa kutaja msururu wa vyanzo

Mwanafunzi wa historia anayechora nasaba za watawala wa pwani kwa programu ya kompyuta hukutana mapema na jina la Ali bin al-Hasan, anayesimuliwa kuwa sultani wa kwanza wa Kilwa mwenye asili ya Shiraz. Huliingiza jina, huliunganisha na la baba yake, kisha katika nafasi ya chanzo huandika "Tarihi ya Kilwa". Programu hukubali. Mwanahistoria hapaswi kukubali upesi namna hiyo.

Tuulize: ni Tarihi ipi? Iko simulizi ya Kireno iliyomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Barros hakufika Kilwa. Alifupisha tarihi ya wafalme wa mji huo iliyomfikia Ureno. Uko pia mswada wa Kiarabu, Kitab al-Sulwa, uliotungwa karne ya 16. Tunaousoma leo ni nakala ya mwaka 1877, ambayo Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895. Wengi wetu hatujasoma Kireno cha Barros wala Kiarabu cha mswada. Tumesoma tafsiri ya Kiingereza ya Freeman-Grenville ya mwaka 1962, au kitabu cha kiada kilichonukuu tafsiri hiyo. Kati ya msomaji na Kilwa kuna mikono mitano au sita, na kila mkono umeacha alama yake.

Alama hizo si jambo dogo. Kwa Barros, Ali ni mmoja wa wana saba wa sultani wa Shiraz, mama yake ni Mhabeshi, naye anahama kwa sababu ndugu zake wanamdharau. Katika mswada wa Kiarabu, anayehama ni sultani mwenyewe pamoja na wanawe sita, katika majahazi saba, baada ya kuota panya mwenye pua ya chuma akiguguna ukuta wa mji. Anayeandika "Tarihi ya Kilwa" bila kufafanua amezifunga simulizi mbili zinazopingana katika furushi moja.

Liko kosa kubwa zaidi, nalo ni la hesabu. Mtu huorodhesha Barros, tafsiri ya 1962 na kitabu cha kiada, akadhani amepata mashahidi watatu. Shahidi ni mmoja, aliyerudiwa mara tatu. Shahidi wa pili wa kweli ni sarafu za shaba zilizofukuliwa Kilwa na Mafia, zenye jina la Ali bin al-Hasan. Hazikunakiliwa kutoka kwa Barros. Lakini nazo zina mipaka: zinathibitisha kwamba mtawala huyo alikuwapo, hazisimulii safari ya kutoka Shiraz, wala hazina tarehe, ndiyo maana wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu zama zake.

Kwa nini jambo hili limhusu mwanaharakati au mtumishi wa umma? Kwa sababu nasaba kwetu haijawahi kuwa pambo. Imekuwa hoja ya utawala, ya ardhi na ya heshima. Mwaka 1957 jina la Shirazi liliingia katika jina la chama cha siasa Zanzibar. Anayepokea shajara ya ukoo mezani kwake kama ushahidi ana haki ya kujua imepitia kwa nani.

Programu zenyewe zimechangia tatizo. GEDCOM, muundo wa kuhamishia data za nasaba ulioanzishwa mwaka 1984, hata katika toleo lake la 5.5.1 hauna nafasi maalumu ya chanzo kimoja kurejelea kingine. Mtumiaji hubaki na sehemu ya maelezo, na wengi huiacha tupu.

Hata hivyo, sisi si wageni wa nidhamu hii. Wanazuoni wa pwani wamefundishwa isnadi: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Riwaya isiyo na msururu ilitiliwa shaka hata kama maneno yake yalipendeza. Basi tuandike hivyo hivyo. Katika nafasi ya chanzo, taja kile ulichokisoma kwa macho yako, pamoja na ukurasa wake. Katika maelezo, taja alichokisoma mwandishi huyo, kisha aliyemtangulia, mpaka msururu ukatike. Pale unapokatika, andika kwamba umekatika. Na kabla ya kuhesabu mashahidi, wafuate hadi asili yao. Wakikutana kwa mtu mmoja, wahesabu kuwa mmoja.

Nasaba iliyoandikwa hivyo itakuwa na mapengo mengi kuliko ile inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta. Lakini atakayeipokea kesho ataweza kuikagua, kuipinga na kuirekebisha, na hapo ndipo masimulizi huanza kuwa historia.