Ramani za Ushoroba Zilizopita Kagera

Kagondo ziko mbili mkoani Kagera. Moja ni kata ya Manispaa ya Bukoba. Nyingine iko Muleba, na wengi wanaijua kwa hospitali yake ya misheni. Kati ya hizo mbili ipo Kemondo, bandari ya ziwani, na migomba iliyochanganyika na mibuni. Mipango mingi mikubwa ya uchumi iliyochorwa kwa kanda hii katika miaka mia na zaidi iliyopita imepita mkoani humu au jirani. Ukiifuata mipango hiyo mmoja mmoja, unaona kwamba Kagera imepangiwa mara nyingi kuwa ushoroba, yaani njia ya kupitia, na mara chache mno kuwa mahali pa kiwanda.

Wajerumani walianza mapema. Mwaka 1914, reli ya kati ilipofika Kigoma, walianza kujenga tawi kutoka Tabora kuelekea kwenye kona ya mto Kagera ili waifikie Rwanda. Vita Kuu ya Kwanza ikakatisha kazi ile. Kahawa ya Wahaya, wenyeji wa eneo hili, ikaendelea kusafiri kwa meli hadi Kisumu, ambako reli ya Waingereza ilikuwa imefika tangu 1901, na kutoka hapo hadi Mombasa. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, mzigo ukapata njia ya pili ya kutokea. Ulitoka ghafi vilevile.

Kiwanda kilikuja kwa sababu nyingine kabisa: wakulima walikuwa wamejipanga. Chama chao kikuu cha ushirika mjini Bukoba, BNCU, kiliandikishwa mwaka 1950, na katika miaka ya 1960 ikazaliwa Tanica, kiwanda cha kahawa ya unga inayoyeyuka kwenye maji ya moto. Vyama vya ushirika vya mkoa vimo miongoni mwa wamiliki wake hadi leo. Nakitaja kwa makusudi, kwa sababu kinathibitisha kwamba bidhaa iliyokamilika inaweza kutoka Bukoba. Lakini kahawa nyingi haikufika kiwandani hapo. Iliuzwa ya maganda, nyingine ikavushwa kwa magendo kwenda Uganda, na mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa akaiuza butura, yaani kwa bei ya kutupa ikiwa ingali maua mtini. Mpango wowote wa viwanda usioanzia kwa mkulima huyo haujaanza.

Mwaka 1969, Mpango wa Pili wa Miaka Mitano uliteua miji tisa ya kukuziwa viwanda ili Dar es Salaam isibebe kila kitu: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Bukoba haikuwamo. Kwa upande wa ziwa, jukumu lilikwenda Mwanza, na ukitazama ramani ya reli unaelewa kwa nini.

Mpango uliokuja kuibeba Kagera kwa uzito wake ulivuka mipaka ya nchi. Tarehe 24 Agosti 1977, Tanzania, Rwanda na Burundi zilisaini mkataba huko Rusumo wa kuunda Shirika la Bonde la Mto Kagera, makao yake Kigali. Uganda ilijiunga mwaka 1981. Umeme wa maporomoko, reli, kilimo na mawasiliano viliwekwa katika mpango mmoja. Huu, kwa maoni yangu, ndio uliokuwa mpango bora kuliko yote, kwa kuwa ulianza na umeme, na kiwanda hakiwezi kuanza bila umeme.

Lakini mwaka mmoja tu baada ya mkataba kusainiwa, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia na kuteka ardhi iliyo kaskazini mwa mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilipoisha, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Baadaye Rwanda na Burundi nazo zikaingia katika vita vyao, na shirika lile likavunjwa mwaka 2004. Kwa miaka mingi mkoa uliwashwa kwa umeme wa kununua Uganda. Mitambo ya umeme ya maporomoko ya Rusumo ilikuja kuanza kuzalisha zaidi ya miaka 40 baada ya mkataba: megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Leo ramani mpya ni ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Lina kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, katika mikoa minane. Kagera ndiyo ya kwanza: Missenyi, Bukoba, Muleba, Biharamulo. Mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba linahitaji kupashwa moto njia nzima. Yatapita Muleba yakiwa ya moto, wala hayatashuka humo.

Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, imepangiwa hivyohivyo. Mkataba kati ya serikali na mwekezaji ulisainiwa Januari 2021, na serikali ina hisa asilimia 16. Mgodi utakuwa Kagera. Kiwanda cha kusafisha madini kimepangwa kujengwa Buzwagi, Kahama, mkoani Shinyanga. Kahama ina sababu zake nzuri, ikiwamo miundombinu iliyoachwa na mgodi wa dhahabu. Ila wanaopanga ushoroba unaofuata wanadaiwa jibu na watu wa Kagondo zote mbili: ni kiwanda gani kitajengwa upande huu wa ziwa, kitatumia megawati ngapi za Rusumo, na mkulima wa kahawa atakuwa na hisa kiasi gani ndani yake?