Upepo wa Bonde na Upepo wa Mlima

Upepo wa bonde na upepo wa mlima ni pepo mbili zinazopokezana kila siku katika nchi yenye miinuko. Kila upepo huitwa kwa jina la unakotoka: wa bonde hupanda mteremko mchana, wa mlima hushuka usiku.

Chanzo ni jua. Asubuhi mteremko hupata joto na kuipasha hewa inayougusa, ikapita kwa joto hewa iliyo kimo hichohicho juu ya tambarare. Hewa ya mteremkoni huwa nyepesi, ikapanda. Jua likizama, ardhi hupoa upesi. Hewa iliyoigusa huwa nzito, huteremka kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana katika nyanda za juu za Kenya sakitu huunguza mimea iliyo bondeni, huku ile ya mteremkoni mara nyingi ikisalimika.

Kilimanjaro, yenye kimo cha mita 5,895, huonyesha zamu hizi waziwazi. Alfajiri isiyo na mvua, mtu aliye Marangu, chini ya mlima, huiona Kibo, kilele chake, peupe, na moshi wa kuni hulalia upande wa bondeni. Jua likishapanda, moshi hugeuka na kufuata mteremko kwenda juu. Kabla ya adhuhuri mawingu yameuzunguka mlima, na mara nyingi hayaachii hadi jioni. Unyevu unaopanda hivyo, pamoja na ule uletwao na pepo za msimu kutoka Bahari ya Hindi, hulisha msitu wa kusini, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Kileleni hufika kidogo tu.

Milima huelekeza hata upepo mkubwa zaidi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya pana njia ya chini ambamo upepo wa kusini-mashariki hubanwa na kuongeza kasi, hasa usiku hadi asubuhi. Ndani ya njia hiyo, karibu na Ziwa Turkana, imesimamishwa mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310.

Katika Ziwa Viktoria, upepo wa milima na upepo wa ziwa husaidiana. Mchana hewa ya ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kupanda nyanda za Kericho na Nandi, inapokutana na upepo wa mashariki. Ndiyo maana alasiri mvua ya mawe huchanachana majani ya chai ya huko. Usiku mambo hugeuka. Hewa baridi hushuka kutoka miinuko ya mashariki na magharibi, ikakutana juu ya maji yenye uvuguvugu na kuisukuma juu hewa ya pale. Mawingu ya radi huumuka kabla ya alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao, mbali na mwalo.