Jina la Lumumba: Lilianzia Wapi, Limefika Wapi

Mwenzetu mmoja katika klabu alizaliwa Bukavu, wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba mmoja na mama mmoja. Familia ilipohamia Ubelgiji, kila mtoto alikuwa na jina lake la ukoo kwenye pasipoti. Yeye alibeba jina la babu mzaa baba, mdogo wake wa kike jina la shangazi, na kitindamimba jina la mjomba aliyefariki mwezi ule ule mtoto alipozaliwa. Katika uwanja mmoja wa ndege, afisa wa mpaka alimuuliza mama yao kwa nini anasafiri na watoto wa watu. Mama alisimama pale muda mrefu akieleza kwamba wote watatu ni wa tumbo lake.

Kisa hicho tulisimuliwa katika mkutano wetu hapa Auderghem, siku tulipokuwa tunatafuta mada ya toleo hili. Mwalimu alikuwa ametupa zoezi: chagueni jina la ukoo lisilo la kawaida, mfuatilie lilianzia wapi na leo linapatikana wapi. Zoezi kama hilo hufanywa sana kwa majina ya Kiingereza. Mtafiti anachukua jina adimu, anarudi nyuma kupitia vitabu vya parokia, na akibahatika anafika kwenye kijiji kimoja alikoishi mtu wa kwanza kuitwa hivyo. Baada ya kumsikiliza mwenzetu tukajiuliza: je, zoezi hilo linawezekana kwa jina la kwetu? Tulichagua jina la Lumumba.

Halikuwa mbali. Ukipanda metro namba 5 kituo cha Herrmann-Debroux, ukabadilisha Arts-Loi na kushuka Porte de Namur, unafika mlangoni mwa mtaa wa Matonge. Hapo pana kibao chenye jina la Square Patrice Lumumba, kilichozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Wengi wetu tumepita hapo tangu utotoni, tukienda na mama zetu kununua sombe na unga wa muhogo. Lakini hatukuwa tumejiuliza mwenyewe alilipata wapi jina hilo.

Majina ya Wabelgiji yalivyofungwa

Tuanze na majirani zetu. Majina mawili yanayoonekana sana kwenye vibao vya milango ya Ubelgiji ni Peeters na Janssens, yaani mtoto wa Peter na mtoto wa Jan. Vandenberghe ni mtu wa kutoka mlimani. Zamani majina haya yalikuwa maelezo tu: huyu ni mwana wa fulani, yule anatoka mahali fulani. Yalibadilika, na kila karani aliyaandika alivyoyasikia.

Mwishoni mwa karne ya 18 nchi hizi zilitawaliwa na Ufaransa. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1794 ilimkataza mtu kutumia jina lisilo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na ilipofika huku, maelezo yale yakafungwa daftarini. Mwana wa Peter wa wakati huo ameacha wajukuu wanaoitwa Peeters hadi leo, ingawa katika ukoo mzima huenda hakuna tena mtu aitwaye Peter. Kwa hiyo jina la ukoo halikusafiri kwa damu peke yake. Lilisafiri kwa sababu daftari lilikataa kulibadilisha. Jambo hili lilitusaidia kuelewa mengine yote.

Onalua, 1925

Patrice Lumumba alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, eneo la Katakokombe, Sankuru, kati ya Watetela. Baba yake aliitwa François Tolenga Otetshima na mama yake Julienne Wamato Lomendja. Jina la kuzaliwa linalotajwa zaidi katika vitabu ni Élias Okit'Asombo. Msomaji ataona mara moja kwamba jina la Lumumba halimo katika majina ya baba, wala ya mama, wala hili la mtoto.

Kwa mtu anayetafuta asili ya jina kwa njia ya Kiingereza, safari ingeishia hapo. Kwa watu wa kwetu hakuna cha ajabu. Katika jamii nyingi za Kongo mtoto hapewi jina la baba kama urithi wa lazima. Hupewa jina la ndugu, la babu, la rafiki wa familia, au la tukio, na mtu anaweza kuongeza au kuacha jina maisha yake yanavyokwenda. Kijana yule alipotoka kijijini na kuwa karani wa posta Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, alijulikana kama Patrice Lumumba. Serikali ya kikoloni ilikuwa na madaftari yake, na yeye mwenyewe mwaka 1954 alipata hati ya watu walioitwa "évolués". Jina likafungwa, kama ya Peeters na Janssens yalivyofungwa kabla yake.

Watoto wake, François, Patrice, Juliana, Roland na Guy-Patrice, wanajulikana wote kwa jina la Lumumba. Kwa maana hiyo jina hili kama jina la ukoo ni changa sana. Halina hata miaka mia, na kizazi chake cha kwanza cha warithi tungali nacho.

Mwili ukapotezwa, jina likabaki

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, Lumumba akiwa waziri mkuu. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, alishiriki kuyeyusha miili yao kwa tindikali ili pasiwe na kaburi. Alibakiza jino. Jino hilo lilikaa Ubelgiji hadi vyombo vya sheria vilipolichukua mwaka 2016, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa familia hapa Brussels, ndani ya jeneza, kisha likazungushwa Kongo kuanzia Sankuru alikozaliwa na kuzikwa Kinshasa.

Tunayataja haya kwa kifupi kwa sababu wasomaji wetu wanayajua, na kwa sababu ndiyo yanayoeleza kilichofuata. Mtu asiye na kaburi alipewa mitaa. Dar es Salaam, barabara iliyoitwa New Street, ambako TANU ilikuwa na ofisi zake, ikawa Mtaa wa Lumumba. Leo Mtanzania akisema "taarifa imetoka Lumumba" anamaanisha ofisi ndogo ya CCM, na huenda wala hamfikirii mtu wa Onalua. Zanzibar kuna Skuli ya Lumumba. Kampala kuna Lumumba Avenue, na Makerere kuna bweni la Lumumba Hall. Nairobi, mtaani Roysambu, kuna Lumumba Drive. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow kilipewa jina lake mwaka 1961, kikaliacha mwaka 1992, na kikarudishiwa mwaka 2023.

Kuna na mahali tusipopapenda. Ujerumani, kwenye masoko ya Krismasi, ukiagiza Lumumba unapewa kakao ya moto iliyotiwa ramu. Mmoja wetu aliliona jina hilo kwenye ubao wa bei akiwa safarini, katikati ya majina ya vinywaji vingine, akaondoka bila kunywa kitu. Siku hizi watu wameanza kulijadili huko, na wauzaji wengine wamelibadilisha.

Waliolichukua

Mitaa ni mitaa, sisi tulikuwa tunatafuta watu. Hapa tulikuta kwamba jina hili halikuenea kama majina ya Ulaya. Ukilichora kwenye ramani huoni kijiji kimoja na watoto wake waliotawanyika. Unaona wazazi na vijana wasio na undugu wowote na Onalua waliolichukua kwa hiari yao.

Mwanasheria wa Kenya anayejulikana kama PLO Lumumba, yaani Patrick Loch Otieno Lumumba, alizaliwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya mauaji. Lumumba Di-Aping, mwanadiplomasia wa Sudan, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya kundi la nchi zinazoendelea, G77, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009. Kwake Lumumba ni jina la kwanza, si la ukoo.

Mfano uliotushangaza zaidi uko Mississippi, Marekani. Mwaka 1947 alizaliwa Detroit mtoto aliyeitwa Edwin Finley Taliaferro. Taliaferro ni jina adimu la Kiingereza cha Marekani ambalo asili yake ni Italia, na maana yake ni mkata chuma. Wenyewe Virginia hulitamka "Tolliver". Lilikuwa la familia za wenye mashamba na watumwa, na ndiyo maana Wamarekani Weusi nao wanalo: herufi T katika jina la Booker T. Washington inasimama badala ya Taliaferro. Kijana Edwin aliliacha akajiita Chokwe Lumumba. Chokwe ni kabila la Angola na Kongo, na Lumumba tunamjua. Alikuwa wakili, na mwaka 2013 alichaguliwa meya wa jiji la Jackson. Alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe, Chokwe Antar Lumumba, alishika umeya huo huo kuanzia 2017 hadi 2025.

Tazama kilichotokea. Baba alilichagua jina, mwana alilirithi. Huko Jackson, Lumumba limekuwa jina la ukoo kamili kwa taratibu za Kiingereza, la kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, jambo ambalo lenyewe Onalua halikuwa nalo.

Linganisha na Tanzania. Kijana aliyepewa jina la Lumumba huko mwaka 1961 hutumia jina lake, la baba na la babu. Watoto wake watalibeba kama jina la pili, wajukuu kama la tatu, na vitukuu hawatalibeba, isipokuwa kama shule au pasipoti imelishika njiani. Kwa hiyo jina lile lile, lililopewa watoto wawili mwaka mmoja kwa mapenzi yale yale, linaweza kudumu Marekani na kufifia Dar es Salaam. Tofauti haiko kwenye mapenzi ya wazazi. Iko kwenye daftari.

Tuongeze tahadhari moja. Majina ya Kibantu yanayoanza na Lu- ni mengi. Mtu akikuta Lumumba kijijini Uganda au magharibi mwa Kenya asikimbilie kusema familia hiyo ilimfuata waziri mkuu wa Kongo. Majina mawili yanaweza kufanana yakiwa na mama tofauti. Aulize kwanza wazee wa familia.

Turudi kwa mwenzetu

Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Wazazi wetu wengine walianza shule kwa jina moja na kumaliza kwa jingine. Halafu walikuja huku, karani akauliza jina la ukoo ni lipi, na lolote lililoandikwa siku ile likawa ndilo. Baadhi yetu tunabeba jina la babu tusiyemwona. Wengine tunabeba jina ambalo nyumbani hakuna anayetuita.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria ya Ubelgiji inamruhusu mtu mzima, mara moja maishani, abadilishe jina lake la ukoo kupitia ofisi ya manispaa, achukue la mzazi mwingine au ayaunganishe majina ya wazazi wawili. Kitindamimba wa familia ya mwenzetu ametimiza miaka kumi na minane. Aliwapendekezea dada zake: wote watatu wachukue jina la mama, ili afisa yeyote asiulize tena ni watoto wa nani.

Mama yao hakukasirika. Alisema hivi: majina yenu ni ya watu watatu niliowazika, nikiwaita ninyi mezani ninawaita na wao. Mkichukua langu, mimi bado niko, sihitaji kuitwa.

Tulibishana klabuni jioni nzima. Wengine walisema jina ni kwa ajili ya walio hai, na ndugu wana haki ya kujulikana kuwa ni ndugu. Wengine walisema tukilegeza sasa, wajukuu wetu watakuwa na jina moja la karatasi na hakuna hadithi nyuma yake, kama mwana wa Peter ambaye hamjui Peter. Hatukukubaliana. Kitindamimba ameshachukua fomu. Dada yake mkubwa, mwenzetu, ameamua kubaki na jina la babu, na yuko tayari kueleza kila mpakani.

Walimu na wanaklabu, tunawaomba jambo moja kabla ya toleo lijalo. Kila mtu amuulize mzazi wake jina lake lilitoka kwa nani, aandike jibu, na mwaka. Wenye majibu wanazeeka, na mambo haya hayako kwenye daftari lolote la hapa.